Lori Mlangoni, Fundi Ziwani

"Fundi, ndiyo unahama hivyo, bila hata kuaga?"

Kwa maneno hayo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, na kuna wasomaji wamenisimamisha njiani kunilaumu kwamba nimewanyima usingizi. Poleni. Hata mimi sikulala, maana hasira za mwanamke huyu zimenihamia.

Kwa aliyechelewa: mwanamke tunayemzungumzia hapa mtaa mzima unamwita Fundi. Ni mshona nguo, mjane, mwenye nyumba yake aliyoijenga kwa sindano, na chumba cha mbele ndicho karakana. Siku hiyo alikuwa mbali, nusu siku kwa gari, juu ya mlima, kwenye jukwaa la mbao la kutazamia ziwa la kreta. Aliyempigia simu ni Kinyozi, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Nahama naenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Mimi ndiyo nakuuliza wewe. Lori limejaa nusu. Kabati limeshapanda. Sasa hivi wanatoa cherehani, na mkanda wake hawajauvua, unaburuzika chini."

Fundi akaishika ile fensi ya vyuma mbele yake. Hajawahi kuisogeza cherehani yake, hata kutoka dirishani hadi mlangoni, bila kuuvua mkanda na kuweka kipande cha kitambaa chini ya sindano. Vibarua wanaoiburuza namna hiyo hawakutumwa na mwenye cherehani.

"Wazuie," alisema. "Kinyozi, nisikilize vizuri. Nenda ukasimame mbele ya..."

Mkono ukatokea nyuma yake, ukaiondoa simu sikioni mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Ukabonyeza, simu ikakatika.

Ulikuwa mkono wa mwanawe wa kwanza.

Huyu anaitwa Bosi. Jina alilipata siku alipopewa ofisi yenye mlango wa kioo, na aliyekuwa anajivunia jina hilo kuliko watu wote ni mama yake. Ni yeye Bosi aliyeleta wazo la safari. Alikuja karakanani mbele ya wateja akasema, "Mama, maisha yako yote umeinamia cherehani. Twende nikakuoneshe ziwa." Fundi alilia machozi ya furaha mpaka yakadondokea kwenye kola ya mtu.

"Nipe simu yangu," alisema sasa.

"Mama, presha yako."

"Presha yangu ilikuwa nzuri mpaka uliponinyang'anya simu. Kuna lori mlangoni kwangu. Nani kalituma?"

Bosi akaitia simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Kifungo chenyewe alikishona mama yake.

"Nilitaka tule kwanza, ndiyo nikwambie."

"Mimi sina njaa. Niambie."

Hatua chache kutoka hapo, mwongoza watalii alikuwa amelikusanya kundi lake na anapaza sauti. "Wageni wetu, hapa mlipo zamani palikuwa na kilele. Mlima ukatapika moto, tumbo likabaki tupu, mvua ikalijaza. Hakuna mto unaoingia, hakuna mto unaotoka." Watu wakashangaa, wakapiga picha. Ziwa lilikuwa chini kabisa, la kijani, limetulia, mviringo wake umekamilika utadhani limekatwa kwa kipimo. Siku nyingine Fundi angelisifia ziwa lile kwa mwaka mzima. Siku hiyo alilitazama mara moja akaona linamchukiza.

"Umefika wakati wa kupumzika, mama," Bosi alisema.

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Umri nao..."

"Umri wangu umeuona leo? Juzi tu umeniletea fuko zima la suruali nizipunguze viuno, ukazitaka kesho yake. Siku ile hukuuona umri."

Bosi akatazama pembeni. Fundi akamgeukia binti yake, mzaliwa wa mwisho, nesi wa wodi ya watoto, ambaye muda wote huo alikuwa ameinua simu juu akijipiga picha na ziwa.

"Na wewe ulijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba wakati nachekelea maji huku, nyumba yangu inabebwa."

Nesi akashusha simu. Alimtazama mama, akamtazama kaka yake, na mdomo ukabaki wazi. Fundi alimchunguza binti yake machoni, akaona kweli hajui kitu. Walau mmoja.

"Kaka, mama anasema nini?"

"Mtulize mama," Bosi akajibu. "Mimi naenda kuzungumza na watu wa hoteli. Mama, ukitulia nitakurudishia simu yako."

Akaondoka. Akapanda zile ngazi za mawe kuelekea hoteli iliyo juu ya jukwaa, mikono mfukoni, bila kugeuka.

Ukitulia. Fundi alilirudia neno hilo kimoyomoyo, na kila aliporudia lilizidi kumchoma. Mtoto aliyemfuta kamasi kwa upindo wa gauni lake. Mtoto aliyemshonea sare ya shule kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya watu, akazipanga rangi usiku kucha ili wenzake wasigundue. Leo anamwambia mama yake atulie, kisha ndiyo apewe simu yake mwenyewe.

"Kimbia umfuate kaka yako umnyang'anye," alimwambia Nesi.

"Mama, kaka ni mkubwa, nitamnyang'anyaje?"

"Basi lete yako. Mpigie Kinyozi."

"Sina namba ya Kinyozi."

"Huna namba ya mtu anayekaa mlango wa pili na mama yako?"

"Mama, na wewe unataka tugombane? Tuwapigie polisi."

"Niwaambie nini polisi? Kwamba mwanangu anahamisha kabati la mama yake? Watacheka, watuambie tukayamalize nyumbani. Na nyumbani kwenyewe ndiko kunakobebwa."

Nesi akaona hilo ni kweli, akaifungua simu yake.

"Namba gani unaikumbuka kichwani?" akauliza. "Ya mtu yeyote wa mtaani. Taja tu."

Hapo ndipo msiba ulipojulikana. Fundi kichwani mwake anacho kiuno cha mwalimu mkuu, mabega ya mke wa daktari, na mguu wa kulia wa dereva wa basi la shule, ambao ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto na hajawahi kumwambia mtu. Vipimo vyote vimo. Namba za simu hana hata moja. Namba pekee iliyoandikwa ukutani kwake kwa rangi nyekundu ni yake mwenyewe, na hiyo iko kwenye koti la Bosi.

Alifumba macho. Akajaribu kuikumbuka ya Kinyozi, ikaja nusu ikakataa. Akaijaribu ya dada yake, ikaja ile ya zamani ambayo haitumiki.

Kisha ikaja moja nzima nzima, bila kuitwa. Fundi akafumbua macho na uso ukamshuka.

"Ipo moja," alisema. "Lakini Mungu anisamehe."

"Ya nani?"

"Ya Mama Harusi."

Nesi akajua mara moja, kwa sababu mtaa mzima unajua. Mama Harusi ni yule mwenye binti anayeolewa Jumamosi, aliyempa Fundi kitambaa cha gauni la bibi harusi tangu msimu wa mvua uliopita. Amepiga simu asubuhi, amepiga mchana, amebadilisha laini akapiga tena. Fundi akaishika namba yake kichwani kwa sababu moja tu: ili akiiona asipokee. Kila ilipotokea, aliilaza simu kifudifudi mezani akaendelea kukanyaga cherehani.

"Si huyo unayemkimbia?"

"Ndiye huyo. Andika."

Akazitaja tarakimu moja moja bila kusita. Simu ikaita, ikapokelewa hapo hapo. Mwenye harusi hana muda wa kuacha simu iite.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Fundi."

Fundi alisikia pumzi ikivutwa.

"Fundi yupi? Fundi wangu mimi hana simu. Simu yake ilikufa siku nilipompa kitambaa."

"Mama, naomba unisikilize..."

"Wewe ndiye unisikilize. Harusi ni Jumamosi. Wiki iliyopita umemtuma mtoto aniambie yamebaki mapindo. Mwezi uliopita yalibaki mapindo. Kabla ya mwezi uliopita yalibaki mapindo. Hilo gauni ni gauni au ni hema? Lina mapindo mangapi?"

Nesi alikuwa amesogeza sikio karibu, na pamoja na balaa lote lile ilibidi ajiume mdomo.

Fundi ana maneno yake ya kujibia wateja, ameyatumia tangu ujana, yamelainika mdomoni: umeme ulikatika, sindano imevunjika, njoo kesho, njoo kesho asubuhi. Yote yalikuja. Akayarudisha.

"Gauni lako sijalikata," alisema.

Msomaji, kama wewe ni fundi, unajua maneno hayo yana uzito gani. Kama wewe ni mteja, nadhani umeshasimama.

"Umesemaje?"

"Sijalikata. Kitambaa kipo kwenye fuko lake la bluu, vilevile ulivyonipa. Na hilo fuko muda huu linapakiwa kwenye lori mlangoni kwangu. Mimi niko mbali, nimeletwa kuangalia ziwa. Wanaopakia sijawatuma, na wanakopeleka sikujui. Ukitaka kunitukana, nitukane nikirudi, nitakaa kitako nikusikilize mpaka umalize. Sasa hivi wahi kitambaa chako."

Fundi alisubiri matusi. Hayakuja. Sauti iliyokuja ilikuwa ya chini na ya haraka.

"Lori la rangi gani?"

"Sijaliona. Limesimama mlangoni kwangu, hutalikosa."

"Na nguo za wengine?"

"Zote zimo humo. Sare za kwaya..."

"Kwaya nzima?"

"Kwaya nzima. Na suti ya mwalimu mkuu, na magauni ya wale mabinti watakaomsindikiza bibi harusi wako."

"Hayo nayo hujakata?"

"Hayo nimekata. Bado kuyaunga."

"Fundi," Mama Harusi alisema, "mimi na wewe tutaonana. Nikimaliza na wewe hutashika sindano tena mjini hapa. Lakini kwanza hilo lori." Kisha Fundi akamsikia akigeuka huko aliko na kupaza sauti. "Jamani, acheni kikao. Vaeni viatu. Gauni la mtoto linaibiwa."

Simu ikakatika. Fundi alimrudishia Nesi simu yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikuwa amemwambia mteja ukweli, na mtu aliyemlazimisha ni mtoto wake wa kumzaa.

Wakabaki kusubiri. Kijana mmoja na mchumba wake wakamsogelea Fundi kwa adabu, wakamwomba awapige picha, ziwa lionekane nyuma. Fundi akaipokea simu yao akawapiga. Vichwa havikutokea. Hawakumwomba tena.

Bosi alirudi akishuka ngazi na tabasamu, lile la ofisini. Alipofika karibu simu yake mwenyewe ikaita. Akaitazama, akapokea, akawapa mgongo.

"Ndiyo, mmefikia wapi? Wanawake gani?" Alisikiliza. "Sasa si uwaambie wasogee. Wamekaa wapi? Mbele ya matairi wamekaa wanafanya nini?" Alisikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu, na sauti zilizokuwa zinatoka kwenye ile simu hata Nesi alizisikia. "Funguo umempa nani? Wewe ni dereva wa namna gani unampa mtu funguo?"

Akashusha simu. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewaita wateja wangu."

"Waambie waondoke."

"Wamekuja kuchukua nguo zao. Nikiwaambia nini wataondoka?"

"Mama, waambie waondoke pale mlangoni, nakuomba. Lori la pili liko njiani. Likifika likakuta vurugu ile..."

Akakata maneno, lakini alikuwa amechelewa.

"La pili la nini?" Nesi akauliza.

Bosi aliegemea fensi. Mwongoza watalii alikuwa anawaeleza watu kwamba maji yale ukiyatazama unadhani ni ya kina kifupi, na wengi wamedanganyika. Fundi alisogea akasimama mbele ya mwanawe, karibu kabisa, kama anavyosimama mbele ya mteja anapompima.

"Nimekuuliza lori la pili limebeba nini."

"Vitu vyangu."

"Vitu vyako vinakuja kwangu kufanya nini?"

"Kazi imekwisha, mama." Aliyasema hayo akitazama maji. "Walinitoa. Ile nyumba ni ya kampuni, haikuwa yangu. Wametupa mpaka leo tuwe tumetoka."

"Wamekutoa lini?"

"Mwaka jana."

Fundi alikumbuka suruali. Fuko zima la suruali za ofisini, kila moja ya kupunguzwa vidole vinne kiunoni. Alimuuliza, mwanangu mbona umekonda hivi, naye akajibu ni mazoezi, mama, siku hizi nakimbia asubuhi. Yeye akaamini, akacheka, akashona. Mwanamke anayejua miguu ya mtaa mzima alishika suruali za mwanawe mikononi na hakuona kitu. Hilo nalo lilimkasirisha, na hakujua amkasirikie nani.

"Na mkeo anajua?"

"Kuhusu kazi anajua."

"Mimi kwa nini nisijue?"

"Ningekwambiaje? Kila mteja anayeingia pale unamwambia habari zangu. Mwanangu bosi, mwanangu ana ofisi. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia mlangoni," Fundi alisema. "Ungepiga hodi. Ungesema mama, nimekwama, nina mke na watoto, nipe chumba. Chumba cha nyuma ningekupa. Hata cha mbele ningekupa, nikahamishia cherehani barazani nikashonea juani. Ungeniomba, mwanangu. Kuniomba mama yako kulikushinda, ukaona rahisi kuniibia?"

"Sijaiba. Ile nyumba mwisho wa yote ni yetu sisi."

"Mwisho wa yote ni nikifa. Nimekufa?"

Bosi akageukia maji.

"Nakuuliza na nataka unijibu mbele ya dada yako. Nimekufa?"

"Hapana."

"Basi hata kijiko changu usikiguse."

Watalii wawili watatu walikuwa wameacha kutazama ziwa, wanatazama familia hii. Fundi hakuwajali. Alitaka kumpiga kibao, na mkono ulishainuka nusu, lakini kilichomzuia ni kwamba mwanawe alikuwa amekwisha kufumba macho kukisubiri. Akaushusha mkono. Hakutaka ampe nafuu hiyo.

Simu ya Nesi ikaita. Fundi aliijua namba kabla hata haijafika sikioni.

"Fundi," Mama Harusi alisema, anahema. "Lori limezimwa. Funguo ninazo mimi, nimezitia kifuani, mwanamume mwenye ubavu aje azitoe. Kitambaa nimekipata. Na kweli hujakigusa hata kwa chaki, mwanamke huna haya wewe."

"Asante, mama."

"Asante yako weka. Sasa kuna jingine. Limekuja lori la pili. Juu kuna mwanamke kakaa kwenye godoro na watoto, anasema ni mkwe wako. Mdogo analia anataka maji. Kina mama wa kwaya nao wamefika, wanataka kuwageuza warudi walikotoka. Mimi nimesema ngoja kwanza nimuulize mwenye nyumba. Niwafungulie au niwageuze?"

Fundi alimtazama Bosi. Bosi alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umekwisha nguvu zote, akawa yule mtoto wa sare ya mabaki, na Fundi akamchukia zaidi kwa kumfanya amhurumie wakati ule.

"Watoto waingie," alisema. "Wape maji, waoneshe choo, wakae kwenye ubaridi. Mama yao naye aingie akae nao. Lakini vitu vyao vibaki kwenye lori, hata mto wa kulalia usishuke. Na vyangu virudi ndani, kila kimoja pale kilipotoka. Kinyozi anapajua, mwiteni awaelekeze."

"Nimekusikia."

Bosi akashusha pumzi.

"Usishushe pumzi," Fundi alimwambia. "Hao ni wajukuu zangu, hawajanikosea. Wewe sijamaliza na wewe." Akarudi kwenye simu. "Mama, nisaidie la mwisho. Mpe simu mkwe wangu."

Zikasikika kelele, watu wanabishana, mtoto analia, kisha sauti ndogo ya adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima, mama. Ila tumechanganyikiwa. Tumekosea siku? Mbona kuna watu wengi hivi, na wewe vitu vyako ndiyo kwanza vinapakiwa? Sisi tulijua umekwisha hama."

"Nani kakwambia nimehama?"

"Baba watoto. Alisema umehama tangu mwanzo wa wiki, umefurahi sana, umeacha nyumba tukae sisi." Akasita. "Alisema wewe mwenyewe ndiye uliyeomba, mama."

Fundi alibadilisha simu sikio.

"Nimehamia wapi?"

"Huko huko uliko. Huko ziwani."

Fundi hakuaga. Alishusha simu mkononi, na mkwe wake akabaki anaita mama, mama, humo ndani. Alimgeukia Bosi. Nesi naye alimgeukia, na alikuwa wa kwanza kusema.

"Kaka. Jioni ya leo tulikuwa tunarudi na mama?"

Macho ya Bosi yakapanda zile ngazi za mawe kuelekea hotelini, na wao wakayafuata.

Mlango wa pembeni wa hoteli ulikuwa umefunguka. Mwanamke mmoja mwenye sare ya kijivu alikuwa anashuka, shada la funguo kiunoni, na begani amebeba mashuka meupe yaliyochanika na pazia lililong'oka pindo. Alikuwa na haraka na alikuwa na furaha. Alimpita Bosi akamwinamishia kichwa kama mtu waliyetoka kuzungumza naye, akampita Nesi, akaja moja kwa moja mpaka kwa Fundi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama fundi ndiye wewe? Karibu sana, tumekusubiri. Chumba chako kiko tayari, nyuma ya chumba cha dobi. Mwanao ametuambia unaanza kazi leo."